Picha za sikukuu za London: nani alishika kamera?

Kila mwaka, ifikapo Jumapili na Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Agosti, mitaa ya Notting Hill, magharibi mwa jiji la London, hufurika watu. Ngoma za chuma hulia, wachezaji waliovalia manyoya na vito vya rangi zote hupita, na moshi wa kuku wa kuchoma hutanda angani. Kila mkono ulioinuliwa juu ya vichwa, ama unacheza, ama umeshika kamera au simu.

Siku ya pili yake magazeti huchapa picha. Mwaka hadi mwaka picha hizo hufanana: mchezaji mwenye manyoya akitabasamu, askari polisi akicheza naye, na pengine kijana aliyefungwa pingu. Ni kana kwamba Kanivali ya Notting Hill, mojawapo ya sherehe kubwa kabisa za mitaani barani Ulaya, ina sura tatu tu.

Msikilizaji, picha za sikukuu huonekana kuwa jambo dogo, la kutazamwa na kusahauliwa. Lakini ukizipanga kwa miaka, zinageuka kuwa daftari la mahudhurio. Zinatueleza nani alihesabiwa kuwa mwana wa jiji na nani alichukuliwa kuwa mgeni au tishio. Makala haya yanafuatilia daftari hilo kwa takriban miaka 180.

Umati wa kwanza pichani

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. Katika miaka yake ya mwanzo haukufaa kabisa kwa shughuli za nje. Mtu alilazimika kutulia mbele ya kamera bila kutikisika, na aliyetembea alitoweka au aliacha kivuli tu. Sherehe, ambazo uhai wake ni mwendo, hazikuweza kunaswa.

Hata hivyo, tarehe 10 Aprili mwaka 1848, mpiga picha William Edward Kilburn alisimamisha kamera yake katika uwanja wa Kennington, kusini mwa mto Thames. Siku hiyo wafuasi wa vuguvugu la Chartism walikusanyika kudai haki ya kupiga kura kwa kila mwanamume, awe na mali au asiwe nayo. Kilburn alipata picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, na picha hizo zikanunuliwa na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria. Hadi leo zimo katika hazina ya sanaa ya familia ya kifalme, na zinahesabiwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za umati wa watu popote duniani.

Kuna jambo moja ambalo watazamaji wengi wa picha hiyo hawalijui. Miongoni mwa viongozi wa vuguvugu hilo jijini London alikuwepo William Cuffay, fundi cherehani mweusi aliyezaliwa Chatham mwaka 1788, mtoto wa mtu aliyetoka kisiwa cha St Kitts, aliyepata kuwa mtumwa. Cuffay alikuwa katika kamati iliyoandaa maandamano ya siku ile. Baadaye mwaka huohuo alihukumiwa kwa kosa la kula njama, akahamishiwa Tasmania, na huko akafariki mwaka 1870.

Katika picha ya Kilburn vichwa ni vidogo kama punje za mtama, wala hakuna awezaye kunyoosha kidole na kusema, huyu hapa Cuffay. Kwa hiyo tangu umati wa London ulipoanza kupigwa picha, historia ya mtu mweusi ilikuwa sehemu ya tukio lenyewe, ingawa kamera haikumtambulisha.

Sheria, kioo na uwanja

Mwaka 1871 mambo matatu yalitokea, ambayo kwa pamoja yalibadili sikukuu za London na picha zake.

La kwanza lilikuwa sheria ya mapumziko ya mabenki, iliyopelekwa Bungeni na Sir John Lubbock. Sheria hiyo iliweka siku nne za mapumziko katika Uingereza, Wales na Ireland: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na siku inayofuata Krismasi. Ingawa ilitaja mabenki, viwanda na maduka vilifuata, na wafanyakazi wakapata siku ya kutoka nje na familia zao.

La pili lilikuwa sheria iliyouhifadhi uwanda wa Hampstead Heath, kaskazini mwa jiji, uwe mali ya umma. Kabla ya hapo, mwenye ardhi alikuwa amejaribu kwa miaka mingi kujenga nyumba juu yake.

La tatu lilikuwa la kisayansi. Mwezi Septemba mwaka huo, daktari Richard Maddox alichapisha maelezo ya namna ya kutengeneza sahani kavu za kioo zilizopakwa jelatini. Hadi wakati huo mpiga picha wa nje alitembea na hema la giza na chupa za kemikali, kwa sababu sahani yake ilipaswa kutumiwa ingali mbichi. Sahani kavu, zilipoboreshwa mwishoni mwa miaka ya 1870, ziliwezesha picha kupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mara ya kwanza mtu anayecheza aliweza kunaswa akicheza.

Hivyo wafanyakazi wa London walipata siku ya kusherehekea, wakapata mahali pa kwenda, na kamera ikapata uwezo wa kuwaona, yote yakianzia mwaka mmoja.

Mtu mwenye kifurushi

Aliyeitumia nafasi hiyo kuliko wengi alikuwa Paul Martin. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1864, akaletwa Uingereza akiwa mtoto, na akajifunza kazi ya kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya magazeti. Katika miaka ya 1890 alianza kutembea na kamera iliyoitwa Facile, kisanduku cha mbao ambacho mtu alikibeba kwapani kama kifurushi cha kawaida. Wapita njia hawakujua kuwa wanapigwa picha.

Kwa kifurushi hicho Martin aliwaendea watu ambao studio za kifahari hazikuwaona: wauza samaki, watoto wanaocheza kwa muziki wa kinanda cha mtaani huko Lambeth, na wasichana wa kazi waliokwenda Hampstead Heath siku ya mapumziko. Wachoraji wa zama zake walipendelea mandhari tulivu yenye ukungu. Yeye alituachia watu wanaocheka, na wanaocheza katika nyasi bila kujali nani anawatazama. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London.

Bila shaka lipo swali la haki hapa. Wale wasichana hawakuombwa ruhusa. Lakini iwapo wangeombwa, wangesimama wima na kukaza nyuso, kama ilivyokuwa desturi, nasi tusingewahi kujua jinsi watu wa zama hizo walivyocheka. Mpiga picha wa mtaani ameishi na mgongano huo hadi leo.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilileta kamera ya Brownie, iliyouzwa Uingereza kwa shilingi tano. Kuanzia hapo, aliyekuwa akipigwa picha siku ya sikukuu aliweza, akijinyima kidogo, kuwa yeye ndiye mpigaji.

Mbunge na wageni kutoka Ituri

Wakati Martin akizunguka na kifurushi chake, Sir Benjamin Stone, mbunge kutoka Birmingham, alikuwa na mradi mwingine. Mwaka 1897 alianzisha chama cha kuweka kumbukumbu ya taifa kwa njia ya picha, ili sherehe za vijiji, ngoma za asili na mila za misimu zipigwe picha kabla hazijafutika. Kamera yake ilikuwa kubwa, na watu aliwapanga safu kama askari wa gwaride. Picha za chama hicho ziliwekwa katika Makumbusho ya Uingereza, na chama kikavunjwa mwaka 1910. Ni hazina isiyo na mfano, na mila kadhaa za Uingereza tusingezijua sura yake bila jitihada hizo.

Lakini mwaka 1905 kamera hiyohiyo iliwaelekea watu wa aina nyingine. Kanali James Harrison, mwindaji kutoka Yorkshire, alileta London Wambuti sita kutoka msitu wa Ituri, mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa wanaume wanne na wanawake wawili. Walioneshwa katika ukumbi wa burudani wa Hippodrome, kisha wakazungushwa nchi nzima kabla ya kurejeshwa kwao mwishoni mwa mwaka 1907. Walipofika katika majengo ya Bunge, Stone aliwapiga picha.

Tuzitazame picha za Stone pamoja. Mwanakijiji wa Kiingereza katika vazi la ngoma yake anahifadhiwa kama mrithi wa mila. Mtu wa Ituri, ambaye naye alitoka katika jamii yenye nyimbo na ngoma zake, anahifadhiwa kama kioja. Tofauti haikuwa katika kamera wala katika mwanga. Ilikuwa katika mamlaka: mmoja alipigwa picha nyumbani kwake, katika siku yake, na mwingine alipigwa picha ugenini, katika siku ya mwingine.

Kutoka ukumbini hadi mtaani

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maelfu ya watu kutoka visiwa vya Karibiani walihamia London. Mwishoni mwa Agosti mwaka 1958, magenge ya vijana wa kizungu yaliwashambulia weusi katika eneo la Notting Hill kwa siku kadhaa mfululizo. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Januari mwaka 1959, Claudia Jones, mwandishi wa habari mzaliwa wa Trinidad na mwasisi wa gazeti la West Indian Gazette, aliandaa kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras. Ilikuwa kipupwe, na barabara hazikuwa salama. Televisheni ya BBC ilirusha sehemu ya sherehe hiyo. Mwezi Mei mwaka huohuo Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kuchomwa kisu mtaani Notting Hill. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Claudia Jones alifariki mwezi Desemba mwaka 1964, akazikwa katika makaburi ya Highgate, jirani na Karl Marx. Hakuiona kanivali ikitoka nje. Hilo lilitokea mwaka 1966, pale Rhaune Laslett, mkazi wa Notting Hill, alipoandaa tamasha la watoto na wakazi wa mtaa. Alimwalika Russell Henderson, mpigaji wa ngoma za chuma kutoka Trinidad. Henderson na wenzake hawakubaki mahali pamoja. Waliingia mitaani wakipiga, na watu wakawafuata.

Wakati huo tayari palikuwa na kijana wa mtaa huohuo mwenye kamera. Charlie Phillips alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1944, na kufika London mwaka 1956. Kamera yake ya kwanza, ya Kodak, aliipata kutoka kwa askari mweusi wa Marekani. Alijifundisha mwenyewe kusafisha filamu, na akapiga picha za majirani zake: harusi, mazishi, wanamuziki, watoto, na wapenzi waliosimama ukutani. Miaka ilipita bila wengi kuzijua kazi zake, na kwa muda mrefu alijipatia riziki kwa kuendesha mkahawa. Kitabu cha picha zake za Notting Hill ya miaka ya sitini kilitoka mwaka 1991, miongo miwili na zaidi baada ya picha zenyewe.

Mwingine alikuwa James Barnor, mzaliwa wa Accra, aliyefika London mwaka 1959. Mwaka 1967 alimpiga picha mtangazaji Mike Eghan, Mghana aliyefanya kazi katika idhaa ya BBC kwa Afrika, akishuka ngazi za Piccadilly Circus huku amefungua mikono, nyuma yake taa za matangazo zikimetameta. Mahali ambapo kila mtalii hupiga picha ya kumbukumbu, Barnor alimweka Mwafrika kama mwenyeji wa jiji. Kwa sisi tunaotangaza kwa lugha za Afrika kutoka mji huu, picha hiyo ina uzito wake.

Mwaka 1976

Mwaka 1976 Kanivali ilikuwa imekua mno. Polisi wapatao 3,000 walipelekwa, idadi iliyozidi sana ya miaka ya nyuma, na vijana waliokuwa wamechoshwa na kusimamishwa na kupekuliwa mara kwa mara waligongana nao. Polisi zaidi ya 300 walijeruhiwa, baadhi wakijikinga kwa vifuniko vya mapipa ya taka.

Picha za siku ile zilienea haraka. Moja, iliyopigwa na Rocco Macauley, inamwonesha kijana mweusi akitembea peke yake mbele ya safu ya polisi. Kijana huyo ni Don Letts, ambaye baadaye alitambulika kama mtengenezaji wa filamu. Picha hiyo ilitumiwa kwenye jalada la albamu ya bendi ya The Clash mwaka 1980. Ni picha yenye nguvu, lakini ina mipaka yake. Haituoneshi walio nyuma ya mpiga picha, wala saa zilizotangulia, wala maelfu waliokuja kucheza na kurudi nyumbani salama.

Kwa miaka mingi baadaye wahariri waliitafuta picha ya namna hiyo kila Agosti. Vurugu na uhalifu vilikuwepo, na hata vifo vimetokea katika baadhi ya miaka, na si haki kuyafumbia macho hayo. Lakini mhariri anayemtuma mpiga picha akatafute ghasia, ataletewa ghasia hata kama alasiri nzima ilikuwa ya amani. Ndiyo maana kazi ya watu kama Phillips ina thamani. Mwenyeji huwepo kabla ya ngoma kuanza, na hubaki baada ya magari ya takataka kupita.

Kamera inapogeuzwa

Katika muongo wa kwanza wa karne hii mpiga picha mwenyewe alikuwa mshukiwa. Kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 kiliwaruhusu polisi, katika maeneo yaliyoteuliwa, kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote bila kuwa na sababu ya kumshuku. Wapiga picha wengi, wa kulipwa na wa kujifurahisha, walisimamishwa walipokuwa wakipiga majengo, gwaride na mikutano ya hadhara.

Tarehe 12 Januari mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mamlaka hayo yalikiuka haki ya faragha. Siku 11 baadaye wapiga picha walikusanyika katika uwanja wa Trafalgar kupinga kutendewa kama magaidi. Mwezi Julai serikali iliyasimamisha mamlaka hayo, na mwaka 2012 yakafutwa kwa sheria mpya.

Hapohapo kamera za dola ziliongezeka. Mwaka 2016, na tena 2017, polisi wa London waliifanyia majaribio teknolojia ya utambuzi wa nyuso katika Kanivali ya Notting Hill. Kati ya sherehe zote za jiji, ni ile ya weusi iliyochaguliwa kwanza. Polisi walieleza kuwa lengo ni kuwakamata wahalifu wanaosakwa, na watetezi wa haki wakajibu kuwa mamilioni ya watu wasio na hatia hawapaswi kupimwa nyuso kwa sababu tu wamekwenda kucheza ngoma. Mwaka 2025 teknolojia hiyo ilitumiwa tena katika njia za kuelekea na kutoka Kanivali, na mabishano yangali yanaendelea.

Ukikumbuka kifurushi cha Paul Martin, utaona kuwa swali ni lilelile la ruhusa. Ila Martin hakuwa na orodha ya majina ya kulinganisha na sura alizozinasa.

Picha zilizomo makabatini

Mwaka 2015 makumbusho ya Victoria and Albert, kwa ushirikiano na hifadhi ya Black Cultural Archives ya Brixton, yalionesha picha za maisha ya weusi wa Uingereza tangu miaka ya 1950 hadi 1990, baada ya kununua kazi 118 za wapiga picha 17. Barnor na Phillips walikuwa miongoni mwao. Ununuzi huo ulikuwa pia kukiri kwa vitendo kwamba daftari la taifa lilikuwa na kurasa tupu.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2018, ilipofichuka kwamba watu waliofika kutoka Karibiani wakiwa watoto walinyimwa kazi, matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa kushindwa kuthibitisha kuwa wameishi Uingereza kihalali miaka yote hiyo. Kadi zao za kuwasili zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Picha ya sikukuu si hati ya uhamiaji, wala haimlazimishi afisa kukupa haki yako. Lakini watu ambao picha zao hazimo katika kumbukumbu za jiji ni rahisi zaidi kuambiwa kuwa hawakuwepo.

Swali hili linatuhusu pia sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Huko Zanzibar picha za kale za mitaa na watu zilipigwa na studio kama ile ya A. C. Gomes, na nyingi zikauzwa kama postikadi kwa wageni. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art, ambayo wenyeji nao waliingia na nguo zao za sikukuu. Hapo tena tunaona njia mbili: picha iliyopigwa ili ipelekwe mbali, na picha iliyopigwa ili ikae sebuleni kwa mwenyewe. Leo anayepiga picha za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, au Maulidi ya Lamu, anasimama katika mojawapo ya njia hizo, ajue asijue.

Hapa London, tangu mwaka 2006, Waislamu wamekuwa wakisherehekea Idi katika uwanja wa Trafalgar, na katika umati huo husikika Kiswahili cha Mombasa, cha Unguja na cha Barawa. Picha zao ni nyingi kuliko wakati wowote katika historia, lakini ziko katika simu, na simu huharibika, huibwa, au hubadilishwa baada ya miaka miwili. Bamba la Kilburn la mwaka 1848 bado linaonekana. Nani atakayeiona picha ya Idi ya mwaka jana ifikapo mwaka 2100?

Kazi inayohitajika si ngumu. Chagua picha chache kila mwaka, uzichapishe kwenye karatasi, na nyuma yake uandike jina la kila aliyemo, mahali, tarehe, na jina la aliyepiga. Wale wa Hampstead hatuna majina yao, na Cuffay tunalo jina lake bali hatuwezi kuionesha sura yake katika umati. Wajukuu wetu wakivipata vyote viwili, tutakuwa tumewatendea haki.